Zenon Alipochutama Barabarani

Salome alifika kwenye barabara mpya, nje kidogo ya Mpui, mwanawe Victor mgongoni na hotpoti ya ugali mkononi. Kando yake baba yake, Mzee Mathias, alikokota baiskeli. Mumewe, Zenon, alikuwa akiongoza malori ya kifusi. Kazi yenyewe haikuwa na maneno: akiinua bendera nyekundu, dereva anasimama, akiishusha, dereva anarudi nyuma.

"Bwana Bendera!" Lwitiko, dereva kutoka Mbeya, alichomoza kichwa dirishani. "Mkweo kaja kukukagua! Leo jikaze!"

"Tulia humo ndani, mla ndizi wewe!" Zenon akacheka, bendera ikiwa juu.

Lakini mzee alishafika, na Mfipa gani amwamkie mkwewe wima kama mlingoti? Zenon akailaza bendera chini, akachutama nyuma ya lori, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu.

"Shikamoo, baba."

Kwenye kioo chake Lwitiko aliona jambo moja tu: bendera imeshuka. Lori likarudi.

"Baba Victor!"

Muungurumo uliimeza sauti ya Salome. Zenon alijirusha pembeni, mwili ukapona, mguu wa kushoto ukabaki chini ya tairi.

Salome aliugonga mlango wa lori kwa ngumi zote mbili. Lwitiko akafunga breki, akachungulia, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nimefanya nini, dada?"

"Litoe!"

"Simwoni! Likiteleza kwenye kifusi hiki nitammaliza."

Wenzao walikuwa mbali, wanakula. Mzee Mathias alisimama kama kigogo, mdomo wazi. Na Zenon hakulia. Macho yake yalitazama tu mawingu, hayapepesi, na ukimya ule ulimtisha Salome kuliko damu.

Alimkabidhi baba yake mtoto, akasimama mahali ambapo angewaona wote wawili, dereva na mume. Hajawahi kuongoza hata mkokoteni. Akainua mikono, akaivuta kifuani.

"Njoo mbele. Polepole. Usikate kona! Njoo... njoo..."

Tairi likajiviringisha, likauachia mguu.

Ndipo Zenon alipopiga yowe, yowe la kupasua uwanda mzima. Salome alipiga magoti, akaufunga mguu kwa khanga juu ya jeraha, akakaza kwa nguvu zake zote, machozi yakimtiririka.

"Lia, baba Victor," alimwambia. "Lia hivyohivyo, nikusikie."