Seva ya Dirisha la Dawa

Kwa miaka tisa hospitalini pale walimwita Mama Seva, ingawa mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Seva, yaani kompyuta kuu iliyoendesha dirisha la dawa, ilikuwa na mfumo endeshi wa kizamani, ambao hata waliouunda walishaacha kuuhudumia, na aliyeujua nje na ndani alikuwa yeye peke yake. Kila alipoomba likizo akamuuguze baba yake, mkurugenzi alimjibu, "Ukiondoka, nani atatushikia mfumo?"

Akaona liwalo na liwe: aweke mfumo mpya, ambao fundi yeyote anaweza kuuendesha, kisha afunge mizigo. Jumapili asubuhi na mapema, wagonjwa wakiwa wachache, alichukua nakala ya kila kitu, akajifungia kwenye kile chumba chembamba cha seva, akabonyeza kitufe cha kuanza.

Mfumo mpya uliingia vizuri. Programu ya dawa ndiyo iliyogoma. Aliiwasha, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima. Mlango ukagongwa.

"Mama Seva, foleni imefika getini," mfamasia alisema. "Tunaandika kwa mkono, na mwandiko wa daktari unaujua."

"Nipe nusu saa."

"Ulisema hivyo tangu saa mbili asubuhi."

Jasho lilimtiririka chini ya kiyoyozi. Kurudi nyuma kulikuwa rahisi: nakala ipo, na mambo yangekuwa kama jana kabla foleni haijaisha. Lakini hiyo jana ndiyo aliyokuwa anaikimbia. Alisoma orodha ya makosa mstari kwa mstari mpaka macho yakamwasha. Saa nane mchana akaona: programu ilitafuta faili moja lisilokuwepo kwenye mfumo mpya. Alilichomoa kwenye nakala, akalipachika. Programu ikaamka, ikatulia. Kupitia ukuta alimsikia mfamasia akianza kuita majina.

Mkurugenzi alikuja mbio, akasikiliza alivyolitatua, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, umetuokoa! Ila hicho kiraka ulichotia, kuna mwingine anayekijua?"

Hakukuwa na wa kumtaja.

"Basi likizo tutaizungumza mwezi ujao."

Alikaa sakafuni, akampigia baba yake.

"Baba, nitachelewa kidogo."

"Kidogo kile cha mwaka jana," mzee aliuliza taratibu, "au hiki ni kipya?"

Kisha mzee akasema chai yake inapoa, akakata simu.