Hiyo K ni ya Nini?

Mjukuu wangu tunamwita Chapuchapu. Uji anaunywa ungali unachemka, viatu anavaa huku anatembea. Jumamosi ile asubuhi aliingia chumbani mwangu mwa kushonea na kidude cha manjano, ukubwa wa kipande cha sabuni, akakiweka juu ya kitambaa cha mteja.

"Bibi, leo ni leo."

"Asemaye kesho ni mwongo. Ondoa hicho kitu kwenye hariri ya watu."

Kilikuwa dira ya GPS, ile inayosikilizana na setilaiti ikakuonyesha njia kwa mshale. Yeye na wenzake wana chama chao cha kusaka visanduku. Mmoja anaficha kisanduku mahali, anatuma namba za mahali hapo, wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata unachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Msifikiri ni watoto. Ni watu wazima, wana kazi zao, wengine na ndevu.

Sasa chama kilitaka kiongozi wa msafara, na waliotaka cheo walikuwa wawili: mjukuu wangu, na kinyozi wa barabara ya sokoni. Mwenyekiti akaamua kuwapambanisha. Kila mmoja akapewa dira mpya, aitayarishe mwenyewe. Namba zingetumwa kwa simu, na atakayekigusa kisanduku kwanza ndiye kiongozi. Chapuchapu alikitaka cheo kile mpaka chakula kilikuwa hakipiti, maana safari ya mwisho aliwatangulia wenzake akawafikisha dampo, na tangu siku hiyo Kinyozi akimwona anaziba pua.

"Akishinda yule, Bibi, mimi nahama mji."

"Uhame, lakini njia uulize watu."

Akacheka. Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Betri alizitia kinyume, tukazigeuza. Ikawaka. Tukaisogeza dirishani itafute setilaiti zake, naye akataka kuitikisa kama chupa ya dawa.

"Iache, mke mwenzangu. Mgeni hubisha hodi, havunji mlango."

Ilipokuwa tayari akafungua ukurasa wa dira. Mshale ukageuka, ukanielekea mimi. Nikasogea mlangoni, ukanifuata. Nikarudi kwenye kiti, ukarudi nami.

"Bibi, inasema kaskazini ni wewe!"

"Basi umeshafika. Nisalimie."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akaishia kwenye mfuko wa aproni. Humo naweka sumaku yangu ya kuokotea pini zilizoanguka. Nikaitoa, nikaibandika kwenye cherehani, na kwa kuwa cherehani nalo ni chuma kitupu, tukahamia uani.

Huko dira ikaomba izungushwe polepole, imelazwa bapa. Chapuchapu akazunguka kama pia. Ikakataa. Akazunguka tena, ikakataa, naye akaenda kushika ukuta, macho yamemzunguka.

"Fikiria umebeba bakuli la mchuzi, limejaa mpaka ukingoni," nikamwambia. "Na sakafu nimedeki mimi."

Safari hii alikwenda kwa hatua za bibi harusi, ulimi nje. Ikalia ti! Ikakubali.

Simu nayo ikalia. Namba za Mwenyekiti: mbele K na tarakimu zake, kisha M na tarakimu zake. Dira haina K wala M. Ina N ya kaskazini, S ya kusini, na nyingine mbili za mashariki na magharibi, zote za lugha ya watu. Chapuchapu akabonyeza mbio mbio, akamaliza, halafu akakaa chini pale pale uani.

"Kilomita mia nne na kumi na mbili! Mwenyekiti ana wazimu!"

"Nikafunge virago?"

"Usinitanie, Bibi. Kinyozi saa hizi yuko njiani. Nimeandika kama alivyotuma. K hii hapa, nikaweka N."

"K ya nini?"

"K ni K!"

"Kwako. Kwangu mimi ukiniletea K peke yake, mkasi siushiki. Kifua ni K, kiuno ni K. Nikichanganya, mama wa watu atabanwa asikotaka na kupwaya asikotaka."

Akaitazama tena ile simu. "Kaskazini," akasema taratibu. "Kusini. Bibi! Zote K!"

"Na mashariki na magharibi?"

"Zote M! Lakini M ni mashariki, magharibi tungeangukia baharini. Ni hii K!"

Hakujiamini, akampigia Mwenyekiti. Sauti ikasikika mpaka kwangu: "Binti, K ni K. Nimeandika Kiswahili sanifu!" Akakata.

Chapuchapu akatoa N, akaweka S. Mita mia tisa.

"Vaa viatu, Bibi."

"Nitakuchelewesha."

"Twende. Nikienda peke yangu nitakimbia nikipite kisanduku."

Mshale ukatupitisha nyuma ya duka la rangi, ukatufikisha kwenye tangi la maji la karakana ya seremala, hapo ukaanza kuyumba kama mlevi. Dira inakufikisha jirani, mlango unautafuta mwenyewe. Chini ya tangi palijaa makopo ya rangi, yameliwa na kutu. Chapuchapu alianza kuyapangua kama kuku, kisha akasimama, akavuta pumzi, akayatazama moja moja.

"Lile halina kutu," akasema.

Akalifungua. Kumbe kisanduku chenyewe ni kopo: ndani mlikuwa na filimbi, kifungo cha koti na gari la mchezo lisilo na tairi. Alinikumbatia mpaka kilemba kikadondoka, akampigia Mwenyekiti, akamtumia na picha.

"Hongera, kiongozi," Mwenyekiti akasema. "Sasa kazi yako ya kwanza. Kinyozi simwelewi. Zungumza naye."

Akampigia. Nikasogeza sikio.

"Hii dira mbovu!" Kinyozi alikuwa anahema. "Nilianza na mia nne na kumi na mbili, nikasema mita hizo ni hapo tu. Nimetembea tangu muda ule, jasho linanitoka, sasa inasema mia nne na nane!"

Nilishika tangi nisianguke kwa kicheko. Mjukuu wangu aliziba simu kwa kiganja, mabega yakamtikisika, akajikaza.

"Kaka, hizo ni kilomita."

Ng'ombe akalia huko aliko.

"Unaona nini hapo?"

"Barabara. Na ng'ombe ananiangalia."

"Mpe mgongo. Jua lipige sikio lako la kushoto, uje moja kwa moja. Mimi natoka huku kukupokea, na maji nakuletea."

Changarawe zikasagika chini ya viatu vyake.

"Haya, kiongozi," Kinyozi akasema. "Nageuka."