Mwavuli Uliotua Shambani Kwangu

Watu wa kwetu Kifanya wakinitaja husema Koplo Kefa ana roho nzuri. Waacheni waseme. Mke wangu Hulda anajua kilichotokea, nami ninajua, na hatujawahi kuwasahihisha.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu nirudi kutoka vitani Burma, mwezi wa tatu, mvua hainyamazi. Dondakoo likaingia kijijini. Mtoto huanza kwa homa, kisha utando unaota kooni, kisha pumzi zinamwishia huku unamtazama. Tulikwisha kuzika wanne. Halafu akaugua Tabea wangu, mwenye miaka mitano, kisha Ezekia, mtoto wa jirani yangu Filbert, kisha Jeni, binti wa mjane Priska.

Nahumu, dresa wa zahanati ya misheni, alisema dawa yake ni sindano moja tu, na hata hospitali ya Njombe haikuwa nayo. Lori lililokuwa likiileta lilikuta daraja limechukuliwa na maji, likalala Makambako siku tatu, kisha likairudisha Iringa. Uwanja wa ndege wa Njombe nao ulikuwa tope tupu. Jumatano akafika tarishi wa boma, matope mpaka kiunoni, na barua mkononi: Ijumaa asubuhi ndege ingetupitia na kutudondoshea sanduku kwa parachuti. Tutafute mahali, tutandike shuka nyeupe.

Kijiji kizima kikanigeukia mimi. Nilikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, na kule Burma kazi yangu kwa miezi saba ilikuwa kupokea mizigo iliyoshushwa na ndege kwa miavuli. Miavuli nilikuwa naijua. Nilijua pia kwamba naijua, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Kwetu hakuna tambarare ila bondeni, na bondeni kulikuwa na maji ya magotini. Hulda akasema, "Baba Tabea, kwa nini si pale malishoni, juu ya kanisa? Pale mteremko ni mdogo."

"Chini ya zile nyasi ni mwamba," nikamwambia. "Dawa iko kwenye chupa, mama. Nani kati yetu amepokea parachuti, mimi au wewe?"

Akarudi ndani kwa mtoto.

Nikachagua shamba langu la viazi. Lilikuwa limelimwa wiki ile ile, udongo laini kama unga. Nikawapanga wanaume, nikawafundisha kwa sauti ya ukoplo ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba. Kwenye mteremko, niliwaambia, sanduku si tatizo, tatizo ni kile kitambaa. Sanduku likishagusa chini, mwavuli bado una upepo, nao utalivuta kuelekea bondeni. Basi msikimbilie sanduku. Simameni upande wa chini, kamateni kamba za chini za mwavuli, vuteni mpaka ulale. Filbert akarudia maneno yangu yote bila kukosea. Yalikuwa maneno sahihi, na mpaka leo ni sahihi.

Ijumaa ndege ikaja. Ilizunguka mara mbili juu ya shuka zetu, kisha ule mwavuli ukafunguka, mweupe, ukashuka taratibu. Ukatua katikati kabisa ya shamba. Sanduku lilizama kwenye udongo bila hata kishindo. Nilipiga kelele za furaha, nikamwona Hulda akicheka mlangoni, amemshika Tabea. Nilijiona mwanamume.

Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani.

Mwavuli ukajaa. Filbert na wenzake walizikamata kamba kama nilivyowaambia, lakini tope likawaangusha. Sanduku likang'oka, likaangukia mfereji kati ya matuta mawili, na mfereji ule ulinyooka kutoka juu mpaka chini. Mwaka uliopita bwana shamba alituamuru tulime matuta ya kukinga mteremko, na mimi ndiye niliyesimama barazani nikamkatalia mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Matuta ya kukinga yanatuamisha maji na viazi vinaoza. Sisi hulima ya kushuka, maji yaende zake. Kwa viazi tulikuwa na haki. Lakini tuta moja tu la kukinga lingelisimamisha lile sanduku. Burma tulipokea mizigo porini, sikuwahi kuona mwavuli ukitua kwenye matuta, na kichwa changu kilichojaa ujuzi hakikuuliza.

Sanduku likateleza njia nzima, tukilikimbiza kama wendawazimu, likaruka ukingo na kupiga mawe ya mtoni.

Nahumu alilifungua pale pale. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili. Kumi zilikuwa vipande.

"Kila mtoto chupa moja nzima," akasema. "Nikigawa nusu nusu, hazitamsaidia yeyote." Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Filbert, Priska. "Wote watatu wana hali moja. Mimi siwezi kuchagua, ndugu zangu. Semeni ninyi."

Filbert alikuwa na tope mpaka machoni, Priska ameshika kanga yake mdomoni. Wala hawakunilaumu. Wangenilaumu ningewashukuru. Walisimama tu wakinisubiri, kwa kuwa shamba lilikuwa langu na neno lilikuwa langu tangu Jumatano.

Nikasema, "Ezekia na Jeni."

Priska alipiga magoti kwenye tope akanishika miguu. Nahumu akaniambia Mungu ataniona. Nikapanda mlima kwenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema.

Tabea alikufa Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa ikilia. Ezekia na Jeni walipona. Ezekia sasa ni kijana mrefu, ananiamkia kila siku anapopita na ng'ombe wa baba yake, na mimi namwitikia.

Baada ya maziko, watu walipoondoka, Hulda alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuwa analia.

"Wanasema umetoa sadaka," akasema. "Kama Ibrahimu."

Nikaketi kando yake.

"Baba Tabea, niambie kweli. Ulimwonea huruma Priska, au uliwaonea watu aibu?"

Ningeweza kumdanganya, na ingekuwa nafuu kwetu sote wawili.

"Aibu," nikasema.

Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha.