Muwasho wa Mpangaji

Bibi alikuwa akimenya vitunguu jikoni paka alipoanza kujikuna nyuma ya sikio. Hakumjali, maana paka kujikuna si habari. Alipomaliza vitunguu, paka bado alikuwa anajikuna, sasa tumboni, na manyoya yalikuwa yametapakaa sakafuni kama pamba iliyotoka kwenye mto.

Paka huyo aliitwa Mpangaji. Aliingia mwenyewe siku ya mvua, akachagua pa kulala, na kodi hajalipa mpaka leo. Alikuwa mweupe mwili mzima. Pa kulala alipopachagua ni kwenye mikono ya binti wa bibi. Binti huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kwenye mapipa, mikono ndani hadi viwikoni. Glavu waliahidiwa. Alasiri akirudi alinawa, akala, akajinyoosha kwenye mkeka sebuleni, na Mpangaji akaja kujilaza juu ya viganja vyake, kimoja cha kichwa, kingine cha tumbo. Hapo walisinzia wote wawili.

Bibi alianza na viroboto. Alimpitisha paka kitana cha meno ya karibu karibu, hakutoka hata mmoja. Akamwogesha, akakwaruzwa. Akamwachisha samaki, akampa kuku, paka akala kuku na akaendelea kujikuna. Akampaka mafuta ya nazi, paka akayalamba yakaisha.

"Ulimpaka au ulimwandalia?" jirani akamuuliza kutoka dirishani.

"Niache, jirani. Mwenzio nina mgonjwa."

Kiwanda kikitia rangi ya bluu, vipele vya Mpangaji vilikuwa vya bluu. Siku za nyekundu vilikuwa vyekundu. Bibi aliliona hilo akalizoea, kama mtu anavyozoea jua la kiangazi. "Leo mlikuwa na kijani," alimwambia binti mlangoni, na binti alijibu, "Kijani, mama, cha mapazia," kisha wakaenda kula.

Lakini tumbo la paka lilipobaki ngozi tupu, bibi alimtia kwenye kikapu akampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimgeuza, akamulika masikio, akanusa ngozi.

"Huu muwasho si wa paka," alisema, kama fundi viatu anayesema kiatu hiki si saizi yako. "Ni wa mtu. Analala na nani?"

"Na binti yangu. Juu ya mikono yake."

"Basi anauvuta kutoka kwake. Paka wanafanya hivyo."

"Na mbwa?"

"Mbwa hawezi. Mbwa angeshawaambia." Akaandika dawa ya kupaka, akatoa kola ya plastiki ya kumzuia asijilambe. "Watenganishe, bibi. Ngozi ya paka ni ndogo. Muwasho wa mtu mzima hauenei humo."

Mpangaji akafungiwa chumbani kwa bibi, kola shingoni kama anatazama dunia kupitia faneli. Alikaa akiuelekea mlango, akanung'unika. Manyoya yakaanza kurudi, laini kama ya kifaranga, na bibi akafurahi sana.

Furaha hiyo ilimfanya asitazame upande wa pili. Binti alianza kula haraka na kuficha mikono chini ya meza. Jumapili bibi akaishika kwa nguvu, akaigeuza. Malengelenge yalikuwa yamejaa katikati ya vidole, na ngozi ya viganja imepasuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungemfungulia."

Ndipo binti akaeleza. Kila Jumatatu msimamizi husimama getini, na wafanyakazi hunyoosha mikono, juu na chini, kama watoto wa shule. Mwenye vipele hurudishwa kwao moja kwa moja, na huambiwa ugonjwa kautoa nyumbani, kwenye sabuni zake za ovyo. Wengi wameshaondoka hivyo. Yeye hajawahi kukutwa na kipele. Wageni wakija, msimamizi humwita, huinua mikono yake juu na kusema, "Huyu yuko kwenye mapipa tangu tulipofungua. Tazameni. Rangi yetu haina neno."

Bibi aliigeuza tena ile mikono.

"Kwa hiyo wenzako wanafukuzwa kwa mikono yako."

"Si yangu, mama. Ni ya Mpangaji."

Nyuma ya mlango paka alikuwa akilia na kukwangua ubao. "Usimfungulie," binti alisema. "Atakufa. Mimi kesho nitakwenda hivi hivi, watakavyo na wafanye. Sema tu tutakula nini."

Bibi alivua kilemba chake, akajishusha kwenye mkeka pole pole kwa sababu ya magoti, akavuta mikono ya binti yake akalaza shavu juu yake.

"Mama, ndiyo nini sasa?"

"Nimelala."

"Utu uzima wote huo, unalalia mikono ya watu?"

"Tulia, mwanangu. Paka alipolala hapa hakuwa anapiga kelele."

Muwasho ulikuja taratibu, ukaingilia shingoni kama sisimizi mwenye haraka ya kufika kwao, ukashuka mabegani. Jua lilipokaribia kuzama, mikono ya binti ilikuwa laini kama ya aliyetoka kuoga. Bibi alijikuna kwa mwiko, akasema mbona si mbaya sana.

Jumatatu msimamizi aliisifu mikono ya binti mbele ya foleni nzima. Aliyefuata nyuma yake, mama mmoja anayesimama naye pipa moja, alirudishwa na mkoba wake begani. Binti aliangalia viatu vyake mpaka geti lilipofungwa, kisha akaingia kazini.

Daktari alimpa bibi dawa ile ile ya paka, akamwongezea kwa kadiri ya uzito. Kola bibi aliikataa. Tangu hapo yeye na Mpangaji hupokezana, mmoja akilalia mikono, mwingine anaotesha ngozi.

Zamu ikiwa ya bibi, binti hurudi, hunawa mikono yake mizuri, hukaa nyuma ya mama yake na kumkuna mgongo pale mwiko usipofika.

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usiache."