Goti la Jephté

"Siku mtakayoniona nimepiga goti mbele ya Bikira Maria," Jephté aliandika kwenye blogu yake, "mto Tshopo utarudi ulikotoka!"

Kila asubuhi, huyu kijana wa kanisa la uamsho na Rosine, Mkatoliki muuza vitenge, walisalimiana kwanza kwenye blogu zao, ndipo wakagombana.

"Shalom, yaya Rosine, dada yangu mkubwa! Watakatifu wako wamelala, acha kuwaamsha."

"Tumsifu Yesu Kristo, mupinzani wangu! Wewe ndiye umelala."

Kisha Rosine akaenda Lubero kumtoa mama yake vitani, na blogu yake ikanyamaza. Siku nne Jephté hakuwa na wa kumsalimia. Akajaribu kubishana na mchungaji wake, lakini hapakuwa na utamu. Siku ya tano akaenda parokiani kwa Rosine kutafuta habari. Habari haikuwepo, walikuwepo akina mama wakimwombea kwa rozari. Tantine Euphrasie, shangazi yake Rosine, akamtilia rozari mkononi bila kumuuliza kitu. Bon, basi, kusimama peke yake kungekuwa kukosa adabu. Akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na walipofika fumbo la tatu la rozari, ni yeye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote.

"Mupinzani wangu, unafanya nini huko chini?"

Alikuwa Rosine, mwili mzima vumbi la njia, amemshika mama yake mkono. Jephté alitaka kucheka na kulia pamoja.

"Natafuta simu yangu, yaya. Imeanguka."

"Iko mu mukono yako ya kushoto, mutoto wangu," akasema yule mama. "Mu ya kuume iko rozari."