Kiganja cha Mtukufu

Katika himaya ya Simba hakuna majeruhi aliyepaswa kulazwa bila kubarikiwa. Kila baada ya vita Mfalme aliingia wodini, akabandika kiganja chake juu ya kidonda kimoja, kisha kingine, mpaka mwisho wa safu. Kiganja hicho hakikuoshwa. Damu ya maadui iliyogandia kwenye makucha ndiyo utukufu wenyewe, na kuiosha ni uhaini. Isitoshe, maji ya wodi yalishaelekezwa kwenye bwawa la kuogea la Mfalme.

Waliobarikiwa walivimba, wakanuka, wakafa. Waliosahaulika pembeni walipona. Kila mwenye macho aliliona hilo, na Fisi, Waziri wa Tiba, aliliona zaidi, maana maiti alikabidhiwa yeye. Alinenepa mpaka shingo ikapotea.

Mke wa Nyati alipojifungua kwa kupasuliwa, Nyati alikwenda barazani akapiga magoti. Hakuomba dawa. Aliomba Mfalme akipite kitanda cha mkewe bila kumgusa, au basi anawe kwanza.

"Mzee Nyati," alisema Fisi kwa upole, "unataka kusema Mtukufu ni mchafu?"

"Nasema mke wangu yu hai, na nataka abaki hai."

Simba alicheka. Aliamuru Tumbili, mkunga aliyethubutu kumchemshia mama huyo maji, avunjwe mikono palepale. Baraza zima lilisikia mifupa, na likapiga makofi. Kisha Mfalme akaenda wodini, akabandika kiganja juu ya mshono, akakandamiza.

Mama alikufa akiweweseka kwa homa, ndama akilitafuta titi lake. Inauma hata kusimulia.

Nyati alirudi barazani na ukoo wake wote. Walinzi walikanyagwa mpaka wakawa tope. Fisi alipasuliwa tumbo mlangoni. Pembe ilimzama Simba ubavuni, lakini hawakummaliza. Walimburura hadi kwenye kitanda kilekile, juu ya shuka ileile.

"Nioshe jeraha," alisihi Mfalme. "Tafadhali, maji."

Nyati aliushika mkono wa Simba, akakibandika kiganja cha Mfalme juu ya jeraha la Mfalme mwenyewe.

"Pokea baraka, Mtukufu."

Simba alioza akiwa hai, akafa akipiga mayowe. Umati ukamvika Nyati taji, naye akaja wodini kuwapa pole wagonjwa. Mlangoni alisimama Tumbili, mikono imefungwa vijiti.

"Nawa kwanza," alisema.

Nyati alizitazama pembe zake, zilizogandiwa na damu ya Simba. Akaona zinampendeza. Akamsukuma Tumbili kando, akaingia.