Saruji ya Lionel

Nyumba ya Thornwick ilikuwa na dohani kumi na nne, lakini moja tu ndiyo iliyotoa moshi. Chini ya hiyo aliishi Hester Aldous, mjane wa miaka sabini na moja, katika jiko la zamani. Vyumba vingine vyote alikuwa amevifunga.

Baridi ilipopungua mwezi Machi, matofali ya ukuta wa magharibi yalianza kumenyeka. Kila asubuhi Hester alikuta vumbi jekundu juu ya nyasi, akalifagia. Mwishowe alimwita Reuben Garrod, mwashi wa kijijini.

Reuben alikwaruza kiungo kati ya matofali kwa ncha ya patasi.

"Mjinga gani alijaza saruji hapa, Bi Aldous?"

"Mume wangu."

"Aa. Mdomo wangu huu."

"Sema tu. Ulimtania akiwa hai, utamwogopa sasa?"

"Basi nisikilize. Wazee waliijenga nyumba hii kwa chokaa. Tofali hunywa mvua, halafu maji yanatoka polepole kupitia chokaa. Lionel ameziba njia. Maji yanabaki ndani, yanaganda, yanalipasua tofali. Saruji itoke yote."

"Yote?"

"Toka msingi mpaka paa. Ukiiacha, mwaka kesho ukuta utakuja wenyewe kunywa chai na wewe."

"Angalau nitapata mgeni," alisema Hester, lakini hakucheka.

Lionel aliujaza ukuta ule katika kiangazi chake cha mwisho. Daktari alimkataza kupanda ngazi. Akapanda, akipiga mluzi, na kila kiungo akakilainisha kwa kidole gumba. Alama za kidole hicho zilikuwa bado pale, mamia kwa mamia. Tangu mazishi, Hester alikuwa akitoka kila jioni na kuweka kidole chake juu ya mojawapo. Zilipita wiki asiguse mkono wa mtu yeyote, lakini kidole hicho hakukikosa.

Reuben alimwona alivyoutazama ukuta, akashusha sauti.

"Naweza kukuachia kipande. Pale kando ya mlango, hakuna atakayejua."

"Na matofali ya hapo?"

"Hayo yatakufa, Bi Aldous. Siwezi kukudanganya."

Hester aliweka kidole juu ya alama moja kando ya mlango. Lionel hakuwa amepanda ngazi ili aache alama. Alipanda ili nyumba isianguke. Alikosea dawa, lakini ugonjwa aliuona.

"Toa yote," alisema. "Anza na hapo mlangoni, nisije nikabadili nia."

"Utaingia ndani kwanza?"

"Sitaingia."

Alisimama karibu huku nyundo ikigonga. Saruji iliruka vipande vipande. Alama nyingi zikavunjika, chache zikatoka nzima. Reuben aliokota kipande kimoja chenye alama nzima, akamnyooshea. Hester alikitazama, kisha akakitia kwenye toroli pamoja na kifusi kingine.

Reuben alipoondoka, kando ya mlango palikuwa pamebaki matofali matupu yenye mistari mirefu ya giza kati yake, palipotoka saruji. Jioni ilipofika, Hester alitoka kwa mazoea, akanyoosha mkono. Kidole kiliingia moja kwa moja ndani ya uwazi. Kilikuta baridi, kisha unyevu, ambao ulikuwa umeanza kutoka.